Tiki Mbili kwa Mama wa Kiembe Samaki

Jumamosi. Mvua inanyesha tangu alfajiri na uchochoro wetu hapa Mkunazini umejaa maji, kwa hiyo hapana atakayekuja kubisha hodi. Vizuri. Nataka kuandika jambo ambalo bado sijamwambia mtu.

Wanaonijua kwa mkate wanajua kwamba kila Alkhamisi asubuhi huwa natuma meseji ya oda za Ijumaa. Mkate wa kumimina, wa mchele na tui, moto chini na makaa juu ya mfuniko. Meseji ni ile ile kila wiki kwa sababu mimi ni mvivu wa kuandika: "Assalam alaykum mpenzi wangu. Kesho Ijumaa, nami nimekukumbuka. Mkate upo. Ukitaka nikuwekee, niambie. Wako, Raya." Naituma kwa mkupuo, mara moja tu, na simu yenyewe inaigawa kwa wote walio kwenye orodha yangu. Kila mmoja inamfikia kama kwamba nimemwandikia yeye peke yake.

Hapo ndipo penye kesi.

Mambo yalianza Jumanne. Jamila, jirani yangu wa nyumba ya tatu, alinisimamisha mlangoni kwake, kanuna.

"Wewe Raya, mie nimekukosea nini? Wenzangu wote unawatumia habari za mkate, mie hunitumii."

Nikamwambia namtumia kila wiki. Akasema mimi muongo. Nikasema muongo yeye. Tukakaa barazani na simu zetu kama watu waliopelekana kwa kadhi, na kweli, kwake hapakuwa na kitu. Jamila anafanya kazi ofisini na mambo haya anayajua. Akatazama kidogo, kisha akaanza kucheka. Kumbe meseji ya mkupuo haiingii katika simu ya mtu ambaye hajaihifadhi namba yako. Na yeye Jamila, jirani wa miaka mitano, anayekuja kwangu kuomba chumvi, hakuwa ameihifadhi yangu.

"Sasa namba yako ya nini, na mie nikikutaka nakuita dirishani?"

Ana haki. Lakini sasa ikawa zamu yangu ya kununa.

Kabla hatujaachana akanionyesha pa kubonyeza ili nione meseji yangu imefika kwa nani na haikufika kwa nani. Afadhali asingenionyesha. Nilikula cha mchana harakaharaka, nikakaa na simu, nikaanza kuwapitia watu mmoja mmoja, wiki baada ya wiki.

Sisemi uongo, niliumia. Binamu yangu Fatma, niliyekaa kwake arobaini nzima alipojifungua, nikimkanda na kumpikia uji wa pilipili manga: tiki moja, haijamfika hata mara moja. Shoga yangu wa tangu skuli: tiki moja. Fundi bomba aliyekuja hapa siku moja tu kuziba mfereji: tiki mbili, na anasoma kila wiki. Maskini yule mwanamume anaamka kila Alkhamisi anaambiwa "mpenzi wangu, nimekukumbuka". Nilicheka peke yangu mpaka machozi yakanitoka. Mungu amsitiri, kama mkewe huwa anaishika simu yake.

Kisha nikaona jina jingine. Mama Kiembe Samaki. Imesomwa.

Nikaacha kucheka.

Mama Kiembe Samaki ni Bi Zuwena, mama yake Salum. Salum alikuwa mume wangu kwa miaka tisa. Hatukujaaliwa mtoto, tukachokana, akaniacha. Habari yake imekwisha na sina kinyongo naye. Bi Zuwena ndiye ambaye habari yake haijanitoka. Niliishi naye nyumba moja miaka yote hiyo, na mkate huu ninaouza kwa jina langu ni yeye aliyenifundisha, akinipiga vidole kwa mwiko nikiufunua kabla ya wakati.

Siku eda yangu ilipokwisha, alikuwa amekwenda mazikoni Mangapwani. Ningeweza kumngoja mpaka arudi. Niliona haya kumtazama usoni. Nikafunga vitu vyangu, nikaondoka bila ya kumuaga wala kumtaka radhi.

Sasa ni miaka sita. Kwetu mtu akienda Pemba kwa siku mbili anaaga na kutaka radhi, sembuse mimi niliyekula chakula cha mikono yake miaka tisa. Kila mwezi wa Ramadhani nikisikia watu wakitakana radhi, moyo unanienda Kiembe Samaki, kisha najifanya nina kazi jikoni.

Namba yake sikuwahi kuifuta, wala sikuwahi kuipiga. Miaka miwili iliyopita, nilipotengeneza orodha ya wateja, nilikuwa nikitia alama majina mbio mbio: Mama Karima, Mama Laila, na hapo katikati nimemtia na yeye bila ya kujua. Kwa hiyo kwa miaka miwili mwanamke niliyemkimbia ameletewa salamu zangu kila Alkhamisi. Na zimemfika, kwa sababu namba yangu anayo. Watu wa damu yangu hawana, yeye anayo.

Nilijaribu kuipooza furaha yangu. Nikajiambia labda ameihifadhi ili nikipiga asipokee. Wapo wanaofanya hivyo. Mimi mwenyewe nimehifadhi watatu kwa kazi hiyo.

Alkhamisi ilipofika nilishindwa kutuma meseji. Kila nikiifungua ile orodha naliona jina lake, naifunga tena. Wateja walilalamika, nikasema naumwa.

Jana, Ijumaa, nikapika mkate mmoja tu, nikaufunga kwenye kitambaa, nikachukua teksi mpaka Kiembe Samaki. Salum siku hizi anakaa Mbweni na mkewe na watoto wao, kwa hiyo sikuogopa kukutana naye. Niliyemuogopa alikuwa ndani. Nilibisha hodi mara mbili, na sauti yake ikauliza ni nani. Sikutaja jina.

"Shikamoo, Mama."

Nikasikia fimbo ikigonga sakafuni, akija taratibu.

"Marahaba, Raya. Jana hukuleta salamu, nikadhani unaumwa."

Nililia pale pale mlangoni, mkate mkononi.

Amezeeka. Goti la kushoto halimbebi vizuri na sasa anasali juu ya kiti. Akanikalisha pale pale nilipokuwa nikikaa zamani, akanionyesha simu yake, meseji zangu zote zimepangana, neno kwa neno sawasawa, na yeye haoni ajabu. Nikamuuliza kwa nini hakunijibu hata siku moja.

"Kusoma nnasoma. Kuandika siwezi, vidole vyangu na hivi vioo vya simu havipatani. Lakini salamu haiachwi hivi hivi, mwanangu. Kila Alkhamisi nnakuitikia hapa hapa, kwa sauti. Jirani anaona nshaanza kusema peke yangu."

Nikamuuliza kuhusu mkate, mbona hakusema kama anautaka. Akasema hakutaka nije kwa sababu ya mkate. Kisha akamega kipande, akakitafuna taratibu, akatoa hukumu kwamba iliki nimezidisha.

Nikapiga magoti, nikamshika mikono, nikamtaka radhi. Radhi ya kuondoka vile, na ya miaka yote iliyofuata. Hata hakuniacha nimalize.

"Nshakuradhia zamani. Mtu anayenikumbuka kila wiki, miaka miwili, ntamnunia vipi?"

Nilifungua mdomo kumwambia ukweli. Ulikuwa kwenye ncha ya ulimi: Mama, meseji zile napeleka kwa watu wote, hata fundi bomba anapata. Nikamtazama, ameiweka simu mapajani, mkono juu yake.

Nikaufunga mdomo.

Ndiyo maana naandika. Radhi niliyoitamani miaka sita nimeipata, na nimeipata kwa maneno ambayo sikuyaandika kwa ajili yake. Tangu jana najiuliza kama radhi ya namna hiyo ni halali. Upande mmoja moyo unaniambia ni udanganyifu, nirudi nikaseme. Upande wa pili unaniambia nikisema nitamnyang'anya kitu chake, ili mimi tu nipate kulala vizuri.

Na tena, ni kweli kwamba sikumkumbuka? Namba yake nimeibeba kwenye simu tatu. Ningeweza kuifuta siku yoyote.

Sijui. Ninalolijua ni kwamba asubuhi hii nimemtoa kwenye orodha. Simu ikaniuliza kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo, nikaona kana kwamba namfukuza mtu nyumbani. Wateja wataendelea na meseji yao ya mkupuo. Yeye nitamwandikia mwenyewe, na nitaanza kwa kumuuliza goti la kushoto limelalaje, kwa sababu hilo haliwezi kwenda kwa mtu mwingine yeyote.

Ukweli nitamwambia. Lakini kwanza nataka niwe na Alkhamisi chache zangu mwenyewe za kumwonyesha.