Ufa Nilioupaka Chokaa

Mjukuu wangu Achieng,

Huku Otonglo tuko wazima, na shangazi yako amejifungua msichana mwenye sauti kubwa kuliko jogoo. Unauliza umwite mkaguzi wa nini, na nyumba yako ni mpya?

Hata mimi nilisema hivyo miaka ya sitini, babu yako alipomaliza nyumba hii ya matofali. Tuliposikia mkaguzi wa majengo anakuja, nilijua anakuja kubomoa. Kona moja ilikuwa na ufa. Nikaukandika udongo na mavi ya ng'ombe, kama mama alivyonifundisha, nikapaka chokaa juu.

Mkaguzi akaweka kiganja pale. Kikatoka cheupe.

"Mama, umeficha nini hapa?"

Akaukwangua kwa ufunguo wake.

"Sikuja kubomoa. Msingi wa kona hii umekaa juu ya udongo mweusi, na mvua ikinyesha udongo huo utavimba upasue ukuta. Chimbeni mpaka chini kwenye udongo mgumu, mjaze mawe."

Tulichimba, huku majirani wakitucheka. Masika yalipofika, kuta zao zilipasuka. Zetu, wapi! Babu yako aliizunguka nyumba akiipigapiga kama fahali aliyeshinda.

Nakuandikia nikiwa nimeegemea kona ile ile. Mwite mkaguzi, mama. Na chokaa usiiguse kabla hajafika.

Nyanya yako