Pete ya Kiprono

Jumatatu, 5 Mei

Mvua tangu alfajiri. Simu hazikomi hapa depo ya stima. Kila asiye na stima anadhani ni yeye peke yake Nakuru nzima. Mimi na Mutua tumepelekwa mtaa wa Section 58, tawi la mti limeangukia waya. Mutua ni fundi mzuri. Hana haraka, haongei sana. Simpendi, kwa sababu anakaa kwenye kiti cha Kiprono ndani ya gari.

Tulimzika Kiprono juzi Jumamosi, kwao Keringet. Baridi. Matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Nilibeba shada la maua la wafanyakazi, nikaliweka, nikarudi nyuma. Sikulia. Nilisikia mama mmoja akisema, "Huyu wa mjini ana roho ngumu." Asijue nilikuwa nimekunja ngumi mfukoni, na ndani ya ngumi ni pete ya marehemu.

Sijamwambia mtu.

Jumatano, 7 Mei

Niandike ilivyokuwa.

Sisi hatupandi nguzo na chuma mwilini. Saa, mkufu, pete, vyote unavua, unampa mwenzako aliye chini. Mwenzake Kiprono wa chini ni mimi, miaka yote. Alikuwa anavua pete ya ndoa, ananiwekea kiganjani, anasema, "Nyambura, shika mke wangu." Akishuka, "Lete mke wangu." Kila siku mzaha uleule. Nilimwambia umenichosha. Hakuacha.

Siku ile tulikuwa Lanet. Tulizima laini, tukapima, haikuwa na moto wa stima. Akapanda. Katika nyumba mpya za mtaa ule, mtu akachoka na giza, akawasha jenereta bila kuzima swichi kubwa ya nyumba yake. Moto ukatoka nyumbani kwake, ukaingia kwenye laini, ukamkuta Kiprono ameshika waya. Alianguka karibu na miguu yangu.

Mengine sitaki. Tulimkimbiza hospitali, akawa ameshaenda. Pete nilikuja kuikuta jioni nikivua ovaroli, kwenye mfuko wa kifuani, kifungo kimefungwa.

Ningeirudisha kesho yake. Sikuirudisha. Ni pana, imekwaruzika upande mmoja. Nikiifinya kiganjani napumua vizuri. Nikiiacha nyumbani, kifua kinabana. Sina maelezo mengine.

Ijumaa, 9 Mei

Mutua leo ameongea, na afadhali angenyamaza. Ameoa upande wa Kuresoi, habari za Keringet zinamfikia moto moto. Anasema familia ilikaa kugawa nguo za marehemu. Kaka mkubwa, Philemon, akauliza pete iko wapi, maana walipomwosha kidole kilikuwa kitupu. Mjane, Mama Chebet, akasema hajui. Basi Philemon akajibu mwenyewe: mwanaume akitoa pete, ana mke mwingine mjini. Sasa wanataka huyo mke wa mjini atafutwe, na kabla hajapatikana, Mama Chebet asipande chochote kwenye shamba la mumewe. Huenda kuna watoto wengine wa kugawiwa, wanasema.

Ulimi hauna mfupa. Kiprono, aliyekuwa akimpigia mkewe simu kila saa ya chakula, kuuliza ng'ombe amekamuliwa ama bado!

Nilimwambia Mutua asimamishe gari. Nikashuka, nikatembea kando ya barabara, ngumi mfukoni. Alinifuata na maji, tukaendelea na safari.

Jumamosi, 10 Mei

Nilikuwa niende Keringet leo. Nilivaa hadi viatu. Kisha nikajiona nikiingia kwenye boma lile, mwanamke wa mjini, asiye na mume, na pete ya Kiprono mkononi. Nani ataamini? Mimi mwenyewe nisingeamini.

Hiyo ni sababu moja. Ya pili ni kwamba sitaki kuitoa. Nina hasira na wafu na walio hai.

Jumatatu, 12 Mei

Leo nimeharibu kazi. Lanet tena, mtaa mwingine. Mutua alivua saa yake, akaninyooshea. Mkono wangu ulikataa kufunguka. Alisimama pale na saa yake, watu wanatuangalia, mama mmoja anapiga kelele kwamba maziwa yake yataharibika kwenye friji. Nilirudi garini nikajifungia.

Supavaiza wetu, Mzee Barasa, ameniita ofisini. Nilidhani ni kufutwa. Aliniambia nipumzike wiki hii. Akaniuliza kama kuna kitu kinanisumbua. Nikasema hapana. Mficha maradhi kilio humfichua, na mimi kilio chenyewe bado hakijanitoka.

Nimefikiria Mama Chebet leo kutwa. Ni wakati wa kupanda viazi. Mvua haitamngoja Philemon.

Alhamisi, 15 Mei

Nimeenda.

Niliwakuta jikoni, Mama Chebet na mama mkwe wake, wanamenya viazi. Nikaomba Philemon na ndugu zake waitwe. Mama Chebet aliniangalia tu, akatuma mtoto. Walipokaa, nilitoa pete nikaiweka kwenye meza, nikaeleza yote. Jinsi tunavyovua chuma. Nani anashika. Nguzo, jenereta, mfuko wa kifuani.

Philemon akauliza, "Na kwa nini ukakaa nayo?"

Nilikuwa nimejitayarishia uongo wa kutosha. Nikasema sikutaka kuiachilia. Ndicho kitu cha mwisho alichonipa nimshikie, na nilikuwa namwogopa dada yangu huyu, mjane wake. Mama mkwe aliendelea kumenya viazi.

Kisha Mama Chebet akauliza, "Alikuwa anasema nini akikupea?"

Nikamwambia. Shika mke wangu.

Alicheka. Kicheko cha ghafla, cha mtu aliyemjua mwenye mzaha, na kikageuka kilio katikati. Philemon alitoka nje. Niliwasikia ndugu wakiongea kwa Kikalenjin karibu na zizi, kwa muda mrefu. Aliporudi alimwambia shemeji yake shamba ni lake, apande. Pole hakusema.

Nilipoinuka, Mama Chebet alinisindikiza hadi langoni. Nilidhani atanishukuru. Alisema, "Nyambura, wewe ulikuwa na pete ukipata usingizi. Mimi nilikuwa naitwa mjinga kwa nyumba yangu." Nikasema ni kweli. Akafunga lango.

Nililia kuanzia Molo mpaka nyumbani. Dereva wa matatu alizima redio.

Jumanne, 20 Mei

Nimerudi kazini. Nimemshikia Mutua saa yake mara mbili. Mkono ulifunguka. Kifua bado kinabana, hasa asubuhi. Natembea nacho hivyo hivyo.

Jumapili, 25 Mei

Mama Chebet alinipigia simu baada ya kanisa. Yuko Nakuru. Anataka kuona mahali alipoanguka Kiprono.

Nilimpeleka. Njiani tuliongea habari za viazi, vimeshaingia ardhini. Tulipofika Lanet, mtaa ulikuwa mtulivu, watu wanaanika nguo, stima zote ziko. Nilimwonyesha nguzo. Aliizunguka. Akaiwekea kiganja, akaangalia juu.

"Kumbe ni fupi," alisema. "Mimi nilikuwa nafikiria ni ndefu sana."

Nilimwambia zote ziko hivyo. Tukasimama pale mpaka mvua ikaanza.