Gari la Bibi Harusi Linapuliza Joto

Mama Antonia mpendwa, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekwama, naomba unitoe kabla harusi haijafika, maana nikizubaa nitaaibika mimi, ataaibika mke wangu na ukoo wake wote, na tafadhali jina langu usilitaje gazetini kwa sababu hapa Babati tunafahamiana.

Mimi ni mfanyabiashara, nina duka la vifaa vya ujenzi jirani na soko, nilikuja hapa kutoka Rombo mara tu mkoa mpya wa Manyara ulipotangazwa, nikajua watu wa ofisi wakija watajenga na wakijenga watataka mabati, na sikukosea. Hapa hapa ndipo nilipompata mke wangu Genoveva, binti wa Mzee Sosthenes wa Mutuka, ndiye anayekaa kaunta dukani, na Mungu ametujalia mtoto mmoja, Joyness. Mwaka jana nilinunua Carina kuukuu kwa afisa mmoja aliyehamishwa, gari limekula chumvi lakini injini nzuri, na kilichonivuta hasa ni AC, Mama, ilikuwa inapuliza baridi mpaka Genoveva anajifunika kitenge mabegani, na kwa barabara zetu hizi za vumbi, mtu anayepita amepandisha vioo vyote anaonekana ni mtu.

Sasa mdogo wake Genoveva, anaitwa Coletha, anaolewa mwezi ujao, tena kwenye joto lenyewe la Novemba. Kwenye kikao cha kamati, mjomba wa bwana harusi akasema atatoa gari lake jipya la kubebea maharusi, nami sijui kilinipanda nini kichwani, nikasimama nikasema gari la bibi harusi tunalo, lina AC, Coletha atatoka Mutuka mpaka kanisani hapa mjini bila tone la jasho, poda itabaki pale pale ilipopakwa. Watu wakaanza kunong'ona maana gari langu wanalijua lilivyozeeka, ndipo Genoveva akasimama mbele ya wazee wa pande zote mbili akasema, "Mume wangu akisema lina baridi, lina baridi." Wakapiga makofi, mjomba akaambiwa gari lake lipumzike.

Shida ni kwamba siku ile AC ilikuwa imekwisha kunigomea, ila Genoveva hajui. Mambo yalianza Julai, pale mkwe wangu Mzee Sosthenes alipoazima gari kwenda Mbulu kwenye komunyo ya kwanza ya mjukuu, na yeye ni dereva mzuri sana, enzi zake aliendesha lori la ushirika, akanirudishia likiwa limeoshwa na limejazwa mafuta, tena amelifungia gunia kwa mbele, nyuma ya zile fito za puani, kwa waya, kama alivyozoea kulifungia lori lake asubuhi za baridi kule juu ili injini iwahi kushika moto. Nilimshukuru sana na gunia nimeliacha mpaka leo, hata fundi wangu Msafiri alipotaka kulifungua nilimkatalia, kwa sababu alichofunga mkwe mimi ni nani nikifungue, mtu asije akasema mkwe wa Mzee Sosthenes hana adabu.

Basi tangu hapo AC inanichezea. Asubuhi nikitoka nyumbani Nakwa inapuliza ubaridi kidogo, kabla sijafika dukani nasikia "ta" huko mbele, halafu unakuja upepo wa tanuri la mikate. Nikajua gesi imeisha, nikampelekea Msafiri aongeze, haikusaidia, nikamwambia aongeze tena, yeye anasema tupime kwanza, mimi nasema wewe jaza, na kadiri anavyojaza ndivyo inavyozidi kuwahi kukata. Hata mshale wa joto la injini nao siku hizi unapanda nikienda safari ndefu, nadhani ni uzee tu.

Kwa kuwa nimeshasema lina AC, siwezi kuonekana mjini nimeshusha vioo. Kwa hiyo tunapandisha, Mama Antonia, mimi, mke na mtoto, tunapita sokoni tunatabasamu huku shati limenigandia mgongoni. Genoveva akaniuliza hiyo baridi inatokea upande gani, nikamwambia AC za Kijapani zinaanza polepole. Joyness naye jana aliuliza kama tukifika nyumbani atalazimika kuoga tena. Jumapili iliyopita rafiki yangu Leonsi anayeuza samaki wa ziwani akanishauri niweke ndoo ya barafu nyuma ya kiti, nikaweka, ubaridi ulikuwepo kweli, lakini barafu yenyewe ililala na perege, tukafika kanisani watu wa benchi la nyuma wakahamia mbele.

Nimefikiria kukodi gari lingine kwa siri niseme langu limepata pancha. Nimefikiria pia kueneza habari kwamba AC inawaletea maharusi mafua. Nimefikiria hata nisafiri siku hiyo. Ninampenda mke wangu na ndugu zake wananiheshimu, ila kila nikimtazama anavyowasimulia wenzake kuhusu gari letu, ulimi unakuwa mzito. Nifanyeje?

Mkwe wa Watu,
Nakwa, Babati.

*

Mkwe wa Watu, marahaba. Pole kwa jasho. Umeniomba nifiche jina lako na nimelificha, ila wewe mwenyewe umeshataja la mke, la mtoto, la mkwe, la bibi harusi, la fundi na la muuza samaki, kwa hiyo sijui nimemficha nani.

Tuanze na gari, kukugombeza kutafuata. Kabla gazeti halijaniita kushauri wenye ndoa nilikuwa nauza vipuri, na marehemu mume wangu alikuwa fundi, kwa hiyo haya ninayokuambia sikuyaota.

Gesi ya AC siyo mafuta ya taa, haiungui ikaisha. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua ujue kuna mahali inavuja, patafutwe kwa povu la sabuni, pazibwe, ndipo ijazwe. Wewe ulijaza kwanza ukawaza baadaye. Tena dalili ulizoniandikia siyo za gari lenye njaa ya gesi. AC inayopoa asubuhi, halafu inakata gari likipata moto, huku injini nayo inataka kuchemka, hiyo ni AC inayokosa hewa. Na hewa nani kaiziba? Baba yangu, ni lile gunia!

Sikiliza. Mbele ya rejeta kuna nyingine nyembamba inayofanana nayo, mafundi wanaiita kondensa. Joto lote linalotolewa mle mlimokaa linapelekwa hapo ili upepo ulichukue liende zake. Wewe umeuzibia upepo. Joto likikosa pa kutokea, gesi inabana kwenye mabomba, na gari likiona hatari linaizima lenyewe kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, ndiyo hiyo "ta" unayoisikia. Halafu mtu ameshiba mpaka hapumui, wewe unamwongezea ugali. Fundi wako alitaka kupima na alitaka kufungua gunia, ukamkataza mara zote mbili. Kamwombe radhi.

Mkweo hana kosa hata kidogo. Lori lisilo na AC, kule juu Mbulu, mwezi wa Julai, gunia ni akili. Kosa ni lako uliyelitembeza gunia hilo Babati mpaka Oktoba, jua linawaka. Ungeendelea hivyo hivyo, Coletha angeshukia njiani na shela lake, rejeta inafoka, na wewe unachota maji mtaroni.

Kwa hiyo leo hii vioo vishuke, na mtu asiongeze gesi hata ya kuonja. Gunia likitoka, kondensa ioshwe kwa maji ya mpira wa kawaida, yasiwe ya nguvu, maana zile bati zake ni laini zinalala upesi, na humo utakuta vumbi la mwaka mzima na mabua. Kisha washeni gari, muwashe AC, mtazame kama feni ya mbele inazunguka. Isipozunguka, tatizo la pili hilo hapo, gari likisimama kwenye msafara litapuliza moto tena. Injini ikiwa imepoa kabisa, na ninasema kabisa, ndipo mfuniko wa rejeta ufunguliwe mtazame maji. Baada ya hapo Msafiri aweke geji zake za kupimia, apunguze gesi uliyomlazimisha kujaza, na aangalie gari hilo linatumia gesi ipi, kwa sababu magari ya umri huo mengine yalitengenezwa kwa gesi ya zamani na hii ya siku hizi haichanganywi nayo. Mkimaliza, mwende Mutuka na kurudi saa za jua kali, familia nzima ndani. Likipuliza baridi njia yote, harusi unayo. Lisipopuliza, nenda kwa mjomba wa bwana harusi mapema, mwambie lile gari jipya liamke.

Barafu mrudishie Leonsi. Na hilo la mafua ya maharusi sitalijibu, nina heshima zangu.

Sasa tuje kwenye adabu. Unasema huwezi kufungua alichofunga mkwe. Mwezi uliopita nilipigiwa simu na mzee mmoja wa Mutuka, jina hakutaja nami sikumwuliza. Shida yake ilikuwa hivi: aliazima gari la mkwe wake, akalifungia gunia kwa safari moja ya baridi, akarudisha gari nalo likiwa limo, akitegemea gunia litarudishwa kesho yake. Ni gunia lake zuri la katani. Mbaazi zimepurwa, hana pa kuzitia, na kila akija mjini anamwona mkwe anapita nalo puani mwa gari, vioo juu, uso umejaa furaha. Akaniambia, "Mama, kijana amelipenda mno, naona haya kumnyang'anya." Mimi bila kujua nikamwambia avumilie, wakwe wa siku hizi wana mambo yao. Kumbe nyinyi wawili mnaheshimiana mpaka gari linachemka!

Nenda Mutuka. Mwamkie mzee, mwambie AC haiwezi kufanya kazi na gunia, na kwamba ulikuwa hujui. Mwombe alifungue kwa mkono wake. Atacheka, na wewe ucheke, halafu umsaidie kubeba mbaazi.

Lakini huko usiende peke yako, na usiende kabla hujaongea na Genoveva. Gari litapona, hilo sina wasiwasi nalo. Wasiwasi wangu ni huyu mwanamke aliyesimama mbele ya wazee wa pande mbili akatoa neno lake juu ya neno lako, na tangu siku hiyo unampika kwenye kiti cha mbele na kumwambia habari za Wajapani. Coletha akifika kanisani mkavu kabisa, poda mahali pake, bado mkeo atakuwa amedanganywa. Hukumwambia kwa sababu uliogopa atakudharau. Mtu anayesimama kikaoni vile hawezi kukudharau, ila atakasirika, na atakuwa na haki. Mwache akasirike, usimkatize, na usitaje gesi.

Tena fanya haraka. Wenye maduka ya vifaa mnalipenda sana gazeti letu kwa kufungia misumari, nami nawajua wake wa dukani, hawachani ukurasa kabla hawajausoma. Gazeti hili liko kaunta kwako tangu asubuhi. Acha kusoma, nenda dukani ukamwambie wewe, kabla sijamwambia mimi.

Mama Antonia