Daftari la Mkunga na Gundi ya Mbao

Mpendwa mshauri, naomba msaada kwa jambo ambalo hata mke wangu halijui. Mimi ni karani wa ghala la dawa, lakini jioni najalidi vitabu vilivyochakaa, simtozi mtu, najifurahisha tu, na mwezi uliopita mama mkwe, ambaye ni mkunga mstaafu, akaniletea daftari alimoandika kwa penseli kila mtoto aliyempokea kwa miaka thelathini, kurasa zimeachia, nami kwa kutaka zisiachie tena maishani nikapaka mgongoni gundi ya mbao, ile ya maseremala, likakauka kama ubao, na nilipolifungua likalia kwaa! kurasa tatu zikachanika katikati ya majina. Nikalikimbiza kwa mjalidi mzee mwenye karakana nyuma ya soko, akaligeuzageuza, akauliza, "Nani kafanya hivi, seremala?" nikasema ni mimi, akacheka mpaka akavua miwani, "Basi keti, bwana mbao, ushike kitambaa," na kwa jioni kumi na moja tukailainisha ile gundi kwa unyevu, kidogo kidogo, akaunga kurasa kwa karatasi laini na uji wa unga wa ngano, hakunikaripia hata mara moja wala hakutaka malipo. Jumapili mama mkwe akalifungua mbele ya ukoo mzima, akasoma majina, akalia, akasema, "Mwanangu, mikono yako ibarikiwe, we ni fundi kuliko mafundi!" nami nikazipokea sifa zile bila kumtaja yule mzee. Sasa mashangazi wananiletea vitabu vyao, na tangu siku hiyo siwezi hata kushika sindano. Je, niache kabisa, maana mimi si fundi?

Mwenye Gundi

*

Mwenye Gundi, kosa la wengi ni kudhani kwamba fundi ndiye anayejua, na mtu wa ridhaa ni wa kubahatisha. Nimewaona mafundi wabahatishaji, tena wenye vibao vikubwa mlangoni. Mtu wa ridhaa hufanya kwa kupenda, na siku asipojisikia huweka sindano chini akaenda kulala. Fundi hana ruhusa hiyo. Kazi ya mtu ikishafika mezani kwake, itatoka vizuri hata kama moyo wake umeamka mahali pengine.

Tofauti nyingine umeishika kwa vidole vyako. Wewe ulitaka daftari lisifumuke tena milele. Mzee hutumia uji wa unga kwa sababu anajua iko siku mtu mwingine atalifumua kulitengeneza, naye humrahisishia kazi mtu huyo asiyemjua. Hilo halijulikani kwa kupenda tu. Hufundishwa, na wewe umefundishwa bure jioni kumi na moja. Una bahati, mwanangu. Wengi hulipa ada wasipate mwalimu wa namna hiyo.

Sasa nikuseme. Hilo "najifurahisha tu" lako ni mwavuli wa kukwepa lawama. Kupokea kitu cha mtu ukiwa hujui gundi yake, bila kuuliza, ni kosa, ulipwe usilipwe. Na usiyetoza fedha, malipo yako ni shukrani. Jumapili ulipokea shukrani za yule mzee ukaziweka mfukoni. Ndiyo maana sindano haishikiki.

Usiache kujalidi. Vya mashangazi vipokee, na usichokijua kipeleke kwa mzee kwanza. Wala usiogope kumwambia mama mkwe ukweli. Atakusema, mwache akuseme. Mkunga anajua kuliko sisi sote mahali mkono wake unapokoma na saa ya kumwita daktari, na watoto wengi wa daftari lile wako hai kwa sababu hakuona haya kuita.

Leo ukitoka ghalani, mpitie mama mkwe na daftari lake, mfikishe karakanani, umwonyeshe yule mzee, umwambie: "Mama, mikono uliyoibariki ni hii."