Kisanduku cha Tembo Ulichokifungua

Robanda, Serengeti
Jumatatu

Kaka Marwa,

Ta. Mlio huo mdogo niliusikia kwenye simu yako siku ulipoweka spika mbele ya wanaume wa mji wa Baba ili wote wanicheke, na mpaka leo haujanitoka masikioni. Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu Mama alinifundisha kuamkia wakubwa, si kwa sababu moyo umependa. Watoto hawajambo? Magoti ya Baba yanaendeleaje na baridi ya huko nyumbani Nyanungu? Mimi ni mzima. Naandika kwa kuwa simu zangu unazikata, na karatasi haikatwi katikati ya neno.

Nataka ujue ulichoharibu. Ndani ya kile kisanduku cha kufukuza tembo nilichokuletea kuna kompyuta yenye ukubwa wa kiberiti, isiyo na tundu hata moja la waya. Peke yake haiwezi kitu. Lazima ikae juu ya bodi inayoibeba, na bodi hiyo ndiyo inayoipa umeme, kamera na king'ora. Siku tatu nilikaa mezani hapa karakana nikiiandaa: kuingiza programu, kuifundisha kutofautisha tembo na ng'ombe wetu, kuchomoa kipini cha maandalizi ili iweze kuwaka yenyewe. Mwisho nikaikandamiza juu ya bodi kwa vidole viwili, mshale wake ukielekea kwenye tundu la kamera. Nikaipiga picha. Nikafunga skrubu nne na kuzitia tone la rangi ya kucha kama muhuri. Nikakwambia wewe, msimamizi wake huko, "Kaka, tundika tu. Usifungue."

Ukafungua. Najua, kwetu kitu kipya hakiingii mjini kabla wanaume hawajakikagua kama ng'ombe wa mahari, ageuzwe huku na huku, ashikwe nundu, atazamwe meno. Nilikuwa nawasikia kwenye simu.

"Mura, ubongo wenyewe ndio huu?" mmoja aliuliza. "Mbona mdogo kuliko wa kuku?"

"Ni ubongo wa Ghati huo," ukajibu, wakaangua kicheko.

Nikapiga kelele, "Kaka, usiichomoe! Ina upande wake!"

"Wewe nyamaza. Mwanamke hatufundishi katika mji wa baba yake. Ilipotoka si ndipo inaporudi?"

Ukairudisha, na hapo ndipo ilipolia ta. Ubaya wake ni kwamba inakubali pande zote mbili. Ukiigeuza nyuma mbele inakaa vilevile na kulia vilevile, ila umeme unaingia pasipotakiwa. Ulipowasha, iliungua.

Siku ya tatu tembo wakapita na king'ora kimya. Nusu ya mahindi ya Mama yakalala chini. Ukasimama kwenye mkutano wa kitongoji ukasema mdogo wako ameleta takataka. Hilo ningelimeza. Lakini mhandisi wetu alipokupigia, ulimwambia, "Huyo namjua tangu utoto, ana haraka. Kilifika kimekufa." Akakata simu, akanigeukia mbele ya wenzangu wote: "Ghati, bodi ile uliifunga wewe. Kuanzia kesho utachimba mashimo ya nguzo."

Nikachimba siku nane. Viganja vilipasuka. Kila jembe lilipogonga jiwe nilikuwa nasema jina lako.

Na sababu naijua. Mwezi uliopita ulinipigia ukasema, "Acha kuchezea nyaya, rudi uolewe." Mke unaye. Ng'ombe wa mahari yangu unawataka ili uoe mke wa pili, na nikifukuzwa hapa nitarudi nyumbani, sina pengine pa kwenda. Sidhani ulifungua kisanduku kwa nia hiyo. Lakini uongo uliusema kwa nia hiyo, na siku ile nilikoma kukuita kaka moyoni. Hapa juu nimekuita kwa mkono tu.

Kisanduku kiliporudi kwa basi niliomba kifunguliwe mbele ya kila mtu. Rangi ya kucha ilikuwa imepasuka kwenye skrubu zote nne. Kompyuta ilikuwa imekaa kinyume, kona moja nyeusi. Nikatoa simu, nikamwonyesha mhandisi picha yangu na mshale. Akailinganisha na bodi iliyoungua. "Rudi mezani," akasema. Hakuniomba radhi. Aliongeza tu kwamba Nyanungu haitapata kingine mpaka ipate msimamizi mwingine.

Msalimie Mama, mwambie alichopoteza nimekiona. Msalimie shangazi anayekaa kwa Baba, na yule babu mdogo aliyeniuliza kisanduku kinakula nini. Yeye peke yake ndiye aliyeuliza kwa nia njema.

Sasa sikiliza. Wifi Robi hakwenda Mugumu kutazama mgonjwa kama alivyokuaga. Alikuja kwangu. Baba ndiye aliyempa ruhusa, na anajua yote, kwa hiyo ukitaka kugomba anza na yeye. Ijumaa mkeo alikaa kwenye meza yangu akaikandamiza kompyuta juu ya bodi mara tatu mbele ya mhandisi, mshale mahali pake, akawasha, taa ya kijani ikaja. Kwenye fomu ya msimamizi jina lako nimelifuta, la kwake nimeliandika, ameshatia saini. Kisanduku kipya kitakaa kwenye shamba la Mama na ufunguo utakaa kwa Robi. Barua hii umeipokea mkononi mwake. Lile koti la msimamizi ulilovaa, livue umpe.

Ghati