Kushoto kwa Nyumba

Doha, 3 Machi 2024

Baba,
Bwakire buya! Mimi ni mzima, ni kazi tu na joto. Kifua cha mama kinaendeleaje? Juzi kwenye simu alikohoa mpaka nikalia. Zile kuni zitatuulia mama. Nasikia serikali inalipia nusu ya mtambo wa gesi ya samadi kwa mwenye ng'ombe. Nusu yetu nitatuma. Kimbilieni ofisini kabla nafasi hazijaisha.
Binti yako, Persis

Itumbe, 20 Machi 2024

Persis mama,
Tu wazima, Mungu asifiwe, ila mamako na kifua chake. Fundi Abner amekuja kupima. Unajua boma letu ni mteremko mtupu. Anasema shimo litakaa pahali pamoja tu penye tambarare, kushoto kwa nyumba. Mwanangu, pale ndipo mke hulazwa akifa! Mamako amepafagia miaka yote akipaita chumba chake. Yeye anacheka, eti chimbeni, maiti hakohoi. Mimi nimeshindwa kucheka. Nifanyeje?
Babako, Onchiri

Doha, 4 Aprili 2024

Baba,
Salamu zenu nimepata. Lakini jamani, mtu anapumua nanyi mnampimia kaburi? Aangaliwe akiwa hai. Chimbeni!
Wenu, Persis

Itumbe, 9 Juni 2024

Persis mama,
Habari za huko? Hapa moto wa bluu unawaka! Mamako ameita akina mama wote wa kanisa waje kuuona, anauwasha na kuuzima kama mtoto. Anakohoa bado, lakini analala kidogo. Anasema asante.
Babako

Itumbe, 2 Septemba 2024

Persis mama,
Pole tena. Natumaini unakula, na kwamba huyo mwajiri aliyekunyima ruhusa ya mazishi anakuacha angalau ulie.
Uliniuliza tumemlaza mamako wapi, nikajifanya simu imekatika. Tulimlaza kule chini, kwenye majani chai, ambako hakuna mke wa ukoo huu aliyewahi kulazwa. Wazee walinung'unika.
Gesi haina kosa, wala wewe. Daktari alisema moshi ulishamla mapafu zamani. Tulichelewa. Lakini ningalijua amebakiwa na siku chache hivyo, nisingalikubali pale paguswe. Kila nikichemsha chai namwomba msamaha.
Upande wa kulia, ambapo mume hulazwa, bado uko wazi. Siutaki. Siku yangu ikifika mnishushe kwenye majani chai, kando yake. Kwa hili usibishane nami.
Babako, Onchiri