Marafiki Wazuri

Jumatano, 5 Machi

Wiki ya tano ya ndoa. Mume wangu (bado napenda kuliandika neno hili, mume wangu, mume wangu) amenipeleka sinema ya saa kumi jioni, kwa sababu saa hiyo ukumbi huwa mtupu na mtu anaweza kunyoosha miguu. Mahaba hayo.

Filamu inaitwa Mgeni wa Ghorofa ya Pili. Mjane tajiri, macho yanamfifia, anaajiri mwanamke wa kumsomea vitabu. Mumewe alianguka kwenye ngazi akafa. Alianguka au alisukumwa, hapo ndipo penye kazi. Inspekta mwenye masharubu anakuja kila siku kuuliza maswali na kumaliza chai yao. Vitu vinahama mahali pake. Mjane anadhani anarukwa na akili, nami nikawa nimeshamhukumu yule msomaji: huyu anataka urithi.

Halafu ikaja sehemu ile ya kuoshana nywele.

Hakuna neno, hakuna muziki. Maji tu. Msomaji anamkinga mjane macho kwa kiganja ili povu lisimwingie, na mjane, ambaye filamu nzima hajamwamini hata mbwa wake, anaegemeza kichwa nyuma. Kope moja inatetemeka. Moja! Kuna waigizaji wanalia mpaka kamasi na sisi huku tunatafuna bisi. Huyu katumia kope nami nikashika shingo yangu mwenyewe.

Wale wawili wanapendana. Si kupendana kwa salamu. Kupendana.

Nikamgeukia mume wangu tufurahie pamoja. Akaninong'oneza kwamba friji ya jikoni kwa mjane haiwezi kutoa mlio ule, kompresa ya aina ile huunguruma. Nimeolewa na fundi wa friji. Nimeolewa naye kwa hiari yangu na siku ya harusi nikacheza muziki.

Alhamisi, 6 Machi

Siku nzima dukani nawauzia watu mapazia na kichwa kiko kwenye filamu. Mapazia yao! Mwanzoni mahameli mazito, kijani kibichi, yenye bitana, hata jua likiomba haliingii. Msomaji akishazoeleka, yanapungua. Mwishoni imebaki neti tu inayopepea, na nuru imewamwagikia wote wawili usoni. Hakuna aliyesema "sasa mioyo imefunguka". Pazia limesema.

Na sauti ya msomaji. Anasoma kitabu cha kilimo cha maua kama mtu anayevua glavu polepole.

Jioni nikamweleza mume wangu haya yote. Akasikiliza, maskini, huku anakunja soksi.

"Ni marafiki," akasema.

"Mwishoni kila mmoja anamwambia inspekta kwamba yeye ndiye muuaji, ili mwenzake asinyongwe. Marafiki gani wanagombania kitanzi?"

"Marafiki wazuri."

Nampenda. Ana mikono mizuri na anajua kupika. Mungu hampi mtu vyote.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe amekuja kututembelea, yaani kukagua. Vumbi hakulipata, kwa hiyo akahamia kwenye huzuni yake ya kudumu: wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Anafundisha watu kuendesha gari. Miaka thelathini na minne, hana mume, amepanga nyumba na rafiki yake, yule dada msaidizi wa daktari wa meno tunayemwita Miwani. Miaka sita sasa. Wanachangia kodi.

"Atazeeka na huyo Miwani," mama akasema.

Nami, bingwa wa ndoa mwenye uzoefu wa wiki tano, nikaona nisaidie. Nikamtaja mhasibu wa dukani kwetu. Mpole, msafi, ana maneno mazuri, hajaoa. Mama mkwe alinikumbatia mpaka hereni ikakwama kwenye kitenge chake. Jumapili ya wiki ijayo waje kwetu, akapanga papo hapo.

Mume wangu aliacha kutafuna. Akaniangalia, kisha akaenda kufungua friji na kusimama mbele yake kwa muda. Nilidhani anaisikiliza kompresa.

Nina furaha. Kila mtu anastahili kuwa kama mimi!

Jumanne, 11 Machi

Nimeirudia filamu. Safari hii na wifi na Miwani, maana mume wangu alisema ana kazi. Wifi anaendesha kwa mkono mmoja na kumtukana kila dereva kwa adabu. "Baba, hiyo indiketa ni pambo?" Miwani anacheka kila mara kana kwamba ni mara ya kwanza.

Ukumbini nilikaa pembeni yao. Ilipofika kuoshana nywele sikutazama skrini. Niliwatazama wao, nione kama wanaona nilichokiona. Wifi naye hakuwa anatazama skrini. Alikuwa anamtazama Miwani. Miwani kavua miwani yake anaipangusa kwa upindo wa gauni lake. Haachi kupangusa. Kisha, bila kugeuka, akaulaza mkono wake kwenye egemeo la kiti kati yao, kiganja juu, na wifi akauweka wake hapo kama mtu anayerudisha ufunguo mahali pake pa siku zote.

Basi mimi ndiye nisiyeshikika kwa kujua filamu. Nimechambua pazia, kope, glavu. Wifi yangu nimekula kwake mara ngapi?

Tukitoka akaniuliza, "Wifi, wewe umependa nini humo?"

"Mapazia," nikasema.

Wakaangaliana. Kisha wifi: "Mama anasema Jumapili ana mgeni kwenu. Unamfahamu?"

"Kidogo."

Kidogo. Nimekaa naye meza moja mwaka mzima.

Jumamosi, 15 Machi

Nimejaribu kumkatisha tamaa mhasibu. Nikamwambia wifi ni mkali. Akasema yeye amelelewa na mama mkali. Nikamwambia hapiki. Akasema yeye anapika. Ameshakata nywele. Anakuja na mjomba wake. Ni mtu mwema, laana ya kweli.

Jioni nikamwambia mume wangu, "Dada yako na Miwani..."

"Ni marafiki," akasema, akazima taa ya jikoni nami nikiwa ndani.

Jumapili, 16 Machi

Naandika chumbani, mlango nimeufunga. Wote wako sebuleni.

Wifi amekuja na Miwani. Mama mkwe akampangia Miwani kigoda karibu na mlango, kama mtu aliyeleta mzigo. Mjomba wa mhasibu amezungumza vizuri, ndiyo ubaya wake. Kisha mama akauliza kila mtu asikie: "Mwanangu, una sababu gani ya kukataa? Nitajie moja." Wifi akazungusha funguo za gari kidoleni. Mama akasema basi aseme aliyeleta heri hii, yaani mimi, kwa kuwa namfahamu mwanamume na namfahamu wifi yangu.

Nikasema naleta barafu. Mume wangu akanifuata jikoni. Nikaanza kulia, nikamwambia nimewaona, si marafiki, wewe huoni kitu.

Akasema kwa sauti ya chini kwamba anajua tangu baba yao yu hai. Kila mara mama alipouliza, yeye ndiye aliyejibu: ni marafiki. Kwa shangazi, kwa majirani, kwangu. "Neno hilo limewawekea paa miaka yote. Wewe umekwenda kumwita inspekta, tena na mjomba wake."

Kumbe kwenye filamu ile mume wangu hakuwa anasikiliza friji hata kidogo.

Nikamuuliza niseme nini. Akasema hajui. Nikisema ni marafiki tu, basi hakuna sababu ya kukataa, mhasibu anaoa. Na lile jingine silisemi mimi, si langu. Akasema lolote nitakalosema, atasimama upande wangu. Akabeba jagi la barafu kurudi sebuleni, nami nikajifungia huku chumbani.

Mama anaita. "Mwanangu, tunakusubiri." Sauti tamu kabisa.

Mume wangu amegonga mlango, hakuingia.

Kuna kiti kimesogezwa sebuleni. Mtu amesimama. Si mjomba, mjomba angekohoa kwanza. Funguo za gari zinalia: ni wifi. Naenda kabla hajafungua mdomo peke yake, sijui nitasema nini, kalamu naiacha hapa.